Nyumba ya Siku Kumi

Saa nne asubuhi Elinipendo alikuwa ameshakaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji, Mabogini, mkoba mapajani, akimsubiri mumewe alete milioni sita. Saa sita alikuwa bado amekaa. Kornel, mwenye shamba la mpunga, alikuja na mashahidi wawili waliovaa mashati ya kanisani kwa sababu waliambiwa kuna kutia saini. Mtendaji wa kijiji alikuwa ameshaandika karatasi zote, amebakiza tarehe tu.

Mumewe, Eliudi, alipokea simu mara tatu. Ya kwanza alisema yuko benki, foleni ni ndefu. Ya pili alisema mtandao wa benki umekatika. Ya tatu alisema yuko njiani, na nyuma ya sauti yake jogoo akawika, tena jogoo ambaye Elinipendo alimfahamu vizuri, kwa sababu ni yeye aliyemlea. Akakata simu, akatazama sakafu. Alikuwa na miaka hamsini na saba, mzee wa kanisa upande wa akina mama, na watu wanne walikuwa wanamtazama.

Mashahidi waliondoka mmoja mmoja, wakisema wana ng'ombe. Mtendaji alifunga jalada akaenda kula. Kornel alivuka barabara akarudi na soda, akamfungulia. Ile soda ndiyo iliyomuuma Elinipendo kuliko yote, kwamba muuzaji ndiye anamnunulia mnunuzi kinywaji, kama mgonjwa. Akainywa hivyo hivyo, maana jua la Mabogini si la mchezo.

"Mama Gladi," Kornel alisema, "milioni nne zenu mlizotanguliza ninazo, sijazigusa. Lakini kuna mtu wa Himo ananipigia kila wiki. Nitakusubiri mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Ikipita hapo namuuzia yeye, nanyi nawarudishia zenu kidogo kidogo, kadiri nitakavyopata."

Elinipendo alimshukuru. Huo ulikuwa mwezi wa tano.

Aliporudi Marangu alikuta lori limeingia kinyumenyume kihambani, shamba linalozunguka nyumba yao, limelaza migomba miwili iliyokuwa na mikungu. Vijana walikuwa wanashusha bati. Siyo bati za kawaida, bali zile za msauzi zenye mawimbi ya vigae, rangi ya damu ya mzee. Eliudi alikuwa amesimama na fundi, penseli sikioni, akihesabu kwa sauti, na hakugeuka kumtazama mkewe ingawa alimwona tangu yuko barabarani.

*

Mtu asiyeijua Marangu akipita huko mwezi wa nne atadhani watu wamehama. Ataona ghorofa, geti la chuma, taa za ukutani, na ndani hakuna hata mtu wa kukohoa. Hizo ni nyumba za Desemba. Zinafunguliwa tarehe ishirini na tatu, zinapigwa deki, zinajaa watu kutoka Dar na Arusha, zinanukia mbuzi wa kuchoma, halafu tarehe mbili Januari zinafungwa na funguo anaachiwa shangazi. Siku kumi. Watu wazima, waliosoma, wanaoweza kukueleza riba ya benki zote za mjini, wanamwaga humo jasho la miaka thelathini ili ndugu waone kwa siku kumi. Ukiwauliza wanasema lazima mtu awe na nyumba kwao. Lakini Eliudi nyumba kwao alikuwa nayo. Alikuwa amelala humo na mkewe usiku wa jana.

Na kinachokera zaidi ni kwamba huyu si mtu wa kudanganywa. Miaka thelathini na tatu alikuwa bwana shamba wa kahawa. Alipanda na kushuka milima hii na pikipiki ya serikali akiwafundisha wakulima kupogolea mibuni, kuweka akiba, kutotegemea zao moja, kutosaini karatasi wasiyoisoma. Wajane wa Marangu wamesomesha watoto kwa kumsikiliza Eliudi. Alipostaafu na kiinua mgongo chake cha milioni arobaini na nne kuingia benki, mkewe alipumua, akijua hela imeangukia mikononi mwa mtu anayejua.

Walipanga vizuri kabisa. Binti yao Gladness, aliyekuwa akitunza hesabu za duka moja la jumla mjini na kupanga chumba Majengo, aliwaandikia kila kitu kwenye karatasi. Ekari moja ya mpunga Mabogini, yenye maji ya mfereji, milioni kumi. Hati fungani za serikali, milioni ishirini, ambazo zingewapa riba mara mbili kwa mwaka bila mtu kuinua jembe. Zilizobaki ziwe za ng'ombe, matibabu na dharura. Eliudi aliisoma ile karatasi, akaikunja, akasema yeye alikuwa anapanga mipango kabla Gladness hajazaliwa. Hata hivyo alikubali, na milioni nne za kwanza za Mabogini alizilipa mwenyewe kwa mkono wake.

Halafu kaka yake akapiga simu. Anaeli, mkubwa wao, anayeishi Dar na kumiliki magari ya kubebea mchanga, alipiga kumpongeza kwa kustaafu salama. Akauliza kwa upole kama Desemba hii watakuja kulala wapi, au bado ni kile chumba kinachonuka kahawa. Basi. Msingi na kuta za ghorofa, ambazo Eliudi alikuwa amezijenga kwa mshahara miaka kumi na moja na kuziacha zikiota nyasi, zikafufuka siku hiyo.

*

Siku mbili Eliudi alikula kwa jirani. Siku ya tatu asubuhi alimfuata mkewe bandani, alikokuwa anakatakata migomba ya ng'ombe, ile ile iliyolazwa na lori. Mkononi alishika sale.

Sale ni lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba na kwenye makaburi ya wazee. Mchaga akikosa kosa kubwa, analifunga fundo, analipeleka kwa aliyemkosea. Na aliyekosewa hana njia. Hata awe amechomewa nyumba, akiletewa sale anapokea na kusamehe, na neno hilo halirudiwi tena. Watu wamesamehe damu kwa jani hilo. Eliudi alikuwa na haraka kiasi kwamba hakuchuma jani tupu. Alilikata pamoja na kijiti chake.

"Mama Gladi, nimekosa," alisema. "Hela ya Mabogini nimeiweka kwenye bati."

Elinipendo aliweka panga chini. Alikuwa ameandaa maneno siku mbili nzima, mengine ya Kiswahili na makali zaidi ya Kichaga, na sasa yote yalikuwa hayana kazi. Hasira ilimpanda mpaka macho yakamwuma. Alijipangusa mikono kwenye kanga, akalipokea.

"Nimepokea," alisema.

Eliudi alishusha pumzi, akakaa kwenye kigoda cha kukamulia. Kisha akasema kuna kitu kidogo kimebaki. Madirisha ya aluminiamu alikuwa ameshayalipia. Vigae vya sakafu pia, juu na chini. Fundi wa jipsamu alikuwa amechukua zake. Geti lilikuwa linachomelewa Himo. Zile milioni ishirini za hati fungani, pamoja na zile za matibabu na dharura, hazikuwahi kwenda kokote ila huko. Benki ilikuwa imebaki laki tatu na elfu arobaini.

Elinipendo alitazama jani lililokuwa mkononi mwake.

"Ungeniambia kabla sijashika hili jani."

"Ndiyo maana nilianza na jani," Eliudi alisema, na alisema kwa huzuni ya kweli, kama mtu asiyeona kosa lolote katika mpangilio huo.

Ng'ombe alilia njaa. Elinipendo akakichomeka kile kijiti cha sale kwenye udongo kando ya hori, kwa sababu hakutaka kukiingiza ndani na kukitupa ni mwiko, akarudi kwenye panga lake. Alikata mpaka hori likajaa. Mwishoni alisema kwamba msamaha ameutoa na hataurudia, ila nyumba hiyo ikikamilika funguo atakaa nazo yeye. Eliudi alikubali haraka. Alitegemea mabaya zaidi.

Jumapili Gladness alipanda kuja kuwaona, akasikia yote. Hakumgombeza baba yake, kwa sababu huko kwao mtoto hamgombezi baba, lakini aliomba kalamu. Aliandika kwamba Eliudi amempa mkewe usimamizi wote wa nyumba mpya, kuitunza, kuilinda, kuipangisha na kupokea malipo yake. Balozi wa nyumba kumi aliitwa awe shahidi. Eliudi alikuwa uani akibishana na fundi kuhusu rangi ya kingo za paa. Karatasi ilipelekwa huko huko, akaiegemeza juu ya mfuko wa saruji, akasaini, akaendelea kubishana.

*

Nyumba ilikamilika mwezi wa saba, na ilikuwa nzuri. Hilo lisemwe. Ilikuwa na vyumba vinne juu, viwili chini, na roshani inayotazama barabara ya kwenda getini kwa wapanda mlima. Isipokuwa haikuwa na kitanda, na hakukuwa na hela ya kitanda. Eliudi alipandisha kiti kimoja cha plastiki roshani, akawa anakaa huko jioni, akisalimiwa na wapita njia. Kisha anashuka kwenda kula na kulala nyumba ya zamani.

Pensheni ilikuwa laki tatu na themanini kwa mwezi. Elinipendo aliipanga kila alivyojua, na kila alivyoipanga haikufika tarehe ishirini. Pumba za ng'ombe zilipanda bei. Dawa za presha za Eliudi hazikungoja. Umeme wa nyumba mpya ulikuwa na mita yake, na kila waliponunua kidogo ili taa za ukutani ziwake Jumapili, kodi ya jengo ilikatwa humo humo, kwa nyumba isiyolala hata paka. Mwezi wa nane bwana shamba mstaafu, aliyewahi kukataa hongo ya mbuzi mbele ya mkutano, alikwenda dukani kuomba sukari ya kulipa mwisho wa mwezi. Muuzaji alimpa, akamwuliza kwa heshima zote ile rangi ya bati inaitwaje.

Elinipendo hakuwa na nafasi ya kucheka. Mwisho wa mwezi wa tisa ulikuwa unakuja, na yule mtu wa Himo alikuwa bado anapiga simu. Elinipendo hakuitaka Mabogini kwa kujionyesha. Mlimani kahawa ni ya kubahatisha na ndizi haiuziki mbali, lakini ekari moja ya mpunga wenye maji inalisha wazee wawili na gunia la kuuza linabaki. Aliwaona wajane wakikaa barazani wakisubiri simu za watoto. Aliapa kwamba Gladness na kamshahara kake hatakuwa pensheni ya mtu.

Ndipo akaja Martin. Alikuwa kijana wa Kirua mwenye kampuni ndogo ya kupandisha watalii mlimani, akitafuta nyumba ya kuhifadhi mahema na kulaza wageni kabla ya safari, karibu na geti la mlima. Alisimama barabarani akiitazama roshani, akamwuliza Elinipendo, aliyekuwa anapita na ndoo ya maziwa, mwenye nyumba hii anakaa Dar?

"Anakaa hapo nyuma," Elinipendo alisema. "Ingia."

Walikubaliana laki tano kwa mwezi, na Martin alikuwa tayari kulipa mwaka mzima kwa mkupuo kama atahakikishiwa kukaa. Gladness alishuka na mama yake mpaka ofisi ya kodi mjini ili mama apate namba ya mlipa kodi. Binti wa dirishani alimwuliza anafanya biashara gani. Elinipendo akasema anauza maziwa na ana nyumba. Kisha Gladness alimweleza kwamba kampuni ya Martin itakata asilimia kumi ya pango na kuipeleka serikalini, na mkataba nao una ushuru wa stempu. Elinipendo alisimama katikati ya barabara. Laki sita ni mtamba mzima.

"Tukiandikiana chini ya meza hatukatwi," Gladness alisema. "Lakini na mkataba hautashika, mama. Baba akimfukuza, Martin atadai hela yake kwako, na wewe huna karatasi."

Elinipendo alifikiri, na hakufikiri sana. Alikuwa ameshaona mwaka huu jinsi makubaliano ya mdomo yanavyokuwa. Alisema wakate. Kisha akauza mtamba wake mweusi kufidia kile kilichokatwa, na hilo lilimliza kweli, kwa sababu alimpokea mwenyewe alipozaliwa, kwenye mvua na matope.

Siku ya kusaini, Eliudi alikuwa msibani Same kwa siku tatu. Elinipendo hakuichagua siku hiyo, ila pia hakuiahirisha. Tarehe ishirini na tisa ya mwezi wa tisa alikaa tena kwenye lile benchi la Mabogini, akamhesabia Kornel milioni sita. Safari hii soda alinunua yeye, kwa watu wote.

*

Eliudi aliporudi alikuta mahema kumi na mawili ya manjano yameanikwa kwenye nguzo za roshani yake, na kijana asiyemjua anaosha sufuria kubwa mlangoni pake. Alikwenda moja kwa moja jikoni kwa mkewe na begi la msiba bado begani. Aliuliza ni nani amewaruhusu wale. Elinipendo alifuta mikono, akamletea karatasi yenye saini yake. Aliisoma amesimama. Akavaa miwani, akaisoma tena.

"Sikuona neno kuipangisha," alisema.

"Hukuona neno lolote, Baba Gladi. Ulikuwa unasaini."

Aliuliza watakaa mpaka lini. Elinipendo akajibu kwamba wamelipa mwaka. Na hilo lilikuwa kweli.

Siku tisa hakumsemesha. Chakula alikula, na mtori aliongezewa. Siku ya kumi alisikika akimweleza jirani kwamba wale Wazungu ni wageni wao, na nyumba kubwa lazima iwe na watu. Elinipendo alidhani jambo limeisha. Alikosea, kwa sababu mtu mmoja alikuwa hajaambiwa.

Anaeli alipiga simu mwanzoni mwa Desemba. Angekuja na mke, vijana wake wawili, wakwe na wajukuu, magari mawili, na alisema safari hii watalala ghorofani kama watu. Eliudi alikuwa na nafasi ya kusema kweli kwa dakika nne nzima. Akasema karibuni, vyumba ni vinne. Kisha akaenda kisirisiri kumwomba Martin awapishe siku kumi tu. Martin alimwamkia vizuri, akamkalisha, akamweleza kwamba Desemba ndiyo mwezi wenyewe wa mlima, na vitanda vyote vimeshalipiwa na watu walio kwenye ndege. Eliudi alirudi nyumbani akiwa amejua hilo, na hakumwambia mkewe wala kaka yake. Alingoja, sijui akingoja nini.

Tarehe ishirini na tatu, saa kumi jioni, Anaeli alipiga honi mbele ya geti jipya. Lilifunguliwa nusu, akatoka mlinzi na daftari.

"Shikamoo mzee. Una bukingi?"

Anaeli alisema hii ni nyumba ya mdogo wake. Mlinzi alipekua daftari, akasema jina hilo hana. Wajukuu walikuwa wanataka kukojoa. Nyuma ya magari mawili basi dogo la watalii lilisimama na kuanza kuomba njia, na Anaeli, aliyeendesha kwa saa kumi na moja akiwahadithia wakwe zake habari ya roshani, alirudi kinyumenyume mbele ya nusu ya Marangu.

Eliudi hakuwepo. Alikuwa amekwenda kutafuta mbuzi tangu asubuhi. Elinipendo ndiye aliyekuja mbio na kanga yake, akawaamkia, akawapokea mizigo, akawalaza nyumba ya zamani, wanaume kwenye chumba kinachonuka kahawa, wanawake na watoto kwenye magodoro sebuleni. Mke wa Anaeli alisaidia kutandika. Anaeli mwenyewe alisema mara moja tu, kwa sauti ya kusikika mpaka bandani, kwamba shemeji yake amekuwa mwenye gesti.

*

Sikukuu yenyewe walitoka kanisani, wakachinja, wakakaa uani kwa duara, na kata ya mbege, pombe ya ndizi, ikaanza kuzunguka. Majirani wawili walikuwepo, na balozi. Ghorofani Wazungu walikuwa wakipigana picha.

Kata ilipomfikia Anaeli hakunywa. Alisema yeye ni mkubwa na atasema. Alisema tangu baba yao afe hajawahi kuona mwanamume wa ukoo huu anayelala banda la nyuma huku wageni wanalala kwenye nyumba yake. Kwamba Dar anawaambia watu mdogo wake amejenga, kumbe amemjengea mkewe biashara. Hakupandisha sauti, na ndiyo maana iliumiza zaidi. Wakwe zake walikuwa wanatazama miguu yao.

Eliudi alisimama. Alikuwa amekunywa kiasi, lakini si pombe iliyomsimamisha. Alisema kaka yake amesema kweli na yeye amevumilia vya kutosha. Mwaka mpya ukiingia, mpangaji atarudishiwa hela yake atoke. Kama hela haipo, lile shamba la Mabogini litauzwa. Yule mtu wa Himo bado analitaka.

Elinipendo alikuwa anagawa nyama. Alisikia neno litauzwa, akaweka sinia chini, kando ya mguu wa meza. Aliona benchi, soda, mtamba mweusi akipakiwa kwenye gari. Aliona na namna siku zitakavyokuwa baada ya hapo, yeye na mume huyu na roshani. Alipita nyuma ya banda, kwenye hori, pale alipokichomeka kile kijiti mwezi wa tano. Kilikuwa kimeshika, kimetoa majani saba. Alichuma moja, akalifunga fundo, akarudi nalo uani.

Alipiga magoti mbele ya mumewe, duara zima likitazama.

"Baba Gladi, nyumba yako niliipangisha ukiwa msibani, sikukuambia. Kaka yako amelala na magunia. Nimekosa. Naomba unisamehe, mimi na hilo shamba."

Jani lilikuwa limenyooshwa, na Eliudi hakulishika. Alimtazama kaka yake. Anaeli alikuwa na hasira zake zote bado, lakini alikuwa ndiye mkubwa wa ukoo pale. Kazi ya mkubwa ni hiyo, na majirani walikuwa wanamtazama yeye kuliko Eliudi.

"Pokea," Anaeli alisema hatimaye, kama mtu anayetema mbegu. "Ni sale hilo. Utafanyaje? Pokea."

Eliudi alilipokea. "Nimesamehe," alisema, "na shamba lisiguswe." Balozi aliitikia, jirani akaitikia, na jambo likawa limefungwa kwa namna ambayo hakuna karatasi ya mwanasheria ingelifunga.

Elinipendo alisimama, akakung'uta magoti.

"Kuna kitu kidogo kimebaki," alisema. "Wamelipa mwaka, lakini mkataba ni wa miaka mitatu."

Gladness aliinamia sufuria ghafla, mabega yakitikisika. Eliudi alifungua mdomo.

"Ungeniambia kabla sija—" alianza, kisha akanyamaza, kwa sababu aliyakumbuka maneno hayo na aliyeyasema, na jinsi yeye alivyojibu. Alikaa chini polepole. Alilizungusha lile jani vidoleni, akalitazama fundo, akaitazama nyumba yake ambayo taa za ukutani zilikuwa zinawaka zote, umeme ukilipwa na Martin. Duara lote lilimsubiri. Kata ya mbege ilikuwa bado mikononi mwa Anaeli.

"Mwaka wa pili analipa lini?" aliuliza.

"Mwezi wa tisa."

"Mwambie apandishe," Eliudi alisema, akanyoosha mkono apewe kata.